Bundi wa Misri na Kidole cha Babu

Riziki, mjukuu wangu mbishi,

Nakusalimu toka Johannesburg, kwenye baridi inayopasua midomo. Bado unashikilia kwamba Wamisri wa kale wakichora bundi wamesema bundi? Hata wataalamu walidhani hivyo karne nyingi, na leo babu yako kakosea vilevile. Nikitaka kuwahi sala ya Ijumaa Mayfair, mtaa ulio karibu na mjini, nilielekeza kidole chini, nikidhani ni "simama hapa", kuisimamisha teksi, daladala ya huku. Ikanishusha madukani, pua na mdomo na nilipopanda! Dada mmoja Mrundi, msusi, akacheka: "Mzee, kidole chini ni safari ya jirani. Ya mjini ni kidole juu!"

Wataalamu waliokolewa na jiwe lenye tangazo moja kwa Kimisri na Kigiriki. Mfaransa mmoja alilinganisha majina ya wafalme, akaona michoro mingi ni sauti: bundi ni "m". Maneno akayatambua kwa Kikopti, lugha ya Wamisri haohao iliyobaki katika sala za kanisani.

Mimi niliinua kidole, nikaiwahi rakaa ya mwisho. Bibi yako usimwambie kwamba nimefundishwa kusoma uzeeni. Mungu akukuze, na ubishi wako usipungue.

Babu