Karani Anajifunza Kuandika Upya

Dodoma, 3 Juni 1911

Kwa mke wangu Zaitun,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Nilifika salama; mwili mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Nyote hamjambo? Mwajabu wetu hajambo?

Shule hii ya boma tumo kumi na wanane, na kumi na saba wangeweza kuniita baba. Mwalimu Silvano mwenyewe hajaota ndevu vizuri. Huniita "Mzee Mustapha", kisha hunisahihisha. Mimi, niliyeandika barua za liwali wa Kondoa miaka kumi na miwili kwa herufi za Kiarabu! Sasa Wadachi hawazitaki. Karani asiyejua herufi zao hana kazi.

Mkono wangu unaanzia kulia wenyewe. Silvano akiugeuza, unarudi.

Baba Mwajabu


Kondoa, mwezi 20 Rajabu

Kwa baba Mwajabu,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara tatu. Sisi tupo. Uwele tumevuna, si mwingi, ndege walituwahi. Mama yako ameniuliza, "Mustapha kaenda kusoma nini? Si yeye ndiye aliyekuwa akitusomea sisi?"

Ila Mwajabu ana homa, inaondoka, inarudi. Anakuita. Njoo mara moja umwone, kisha urudi kwa Wadachi wako.

Mama Mwajabu


Dodoma, 2 Oktoba 1911

Kwa Zaitun,

Salamu za Idi, ingawa imepita. Je, homa imemwacha mtoto? Tangu nipate barua yako silali vizuri.

Niliomba ruhusa. Bwana shauri, Mdachi mkuu wa boma, akasema, "Atakayeondoka asirudi." Na mtihani wa kwanza nimeanguka, Zaitun. Wamenipa nafasi moja tu ya pili. Nikiipoteza, tutakula nini?

Kuanzia kesho barua zetu zote tutaziandika kwa herufi mpya, na mwalimu atazipitia kabla hazijaondoka. Hii ndiyo ya mwisho kwa herufi zetu. Mfunike mtoto vizuri asubuhi, kuna upepo.

Baba Mwajabu


Kondoa, mwezi 25 Muharramu

Kwa baba Mwajabu,

Natumaini u mzima. Mimi nakula, nalala, naamka.

Nilikuandikia habari ya msiba kwa mkono wangu. Jibu lako likaja kwa herufi nisizozijua. Nililishika siku mbili, nikaligeuza huku na huku, mwisho nikalipeleka bomani kwa Sostenes, karani aliyeshika nafasi yako. Baraza ilijaa watu. Akasoma kwa sauti: "Mke wangu, nisamehe sikuja kumzika Mwajabu." Askari mmoja akavua kofia. Sostenes naye akaona haya, akauliza, "Niendelee, mama?" Nikamwambia aendelee, ningefanya nini?

Ndivyo nilivyosikia kwamba umefaulu, umepewa kazi huko huko Dodoma, na kwamba nihamie. Hongera. Umeteseka sana, najua.

Lakini sihami. Kaburi halijamaliza hata masika moja. Sikukasirikii, nimechoka tu. Na neno la nyumba yangu sitalisikia tena barazani.

Mama Mwajabu


Haneti, 1 Februari 1912

Kwa Zaitun,

Salamu kwako na kwa mama. Naandika kwa herufi zetu, hakuna wa kunisahihisha hapa njiani. Barua hii anaileta Zaidi, mchuuzi wa chumvi; ana punda, atanitangulia.

Nilimwomba bwana shauri siku kumi. Akakataa. Nikaweka kalamu juu ya meza yake, nikatoka. Nadhani kazi ameshampa mwingine. Nitalima, na mwenye barua ya kuandikiwa kwa herufi yoyote atanikuta nyumbani.

Silvano alinikimbilia mpaka nje ya mji, anahema. "Mzee Mustapha, umefaulu! Unakwenda wapi?"

"Kumzika mwanangu."

"Si walishamzika?"

"Wao, ndiyo. Mimi bado."

Akanibebea mzigo hadi mtoni, akarudi.

Mguu wa kushoto umevimba, natembea polepole. Nisubirini siku ya tano.

Baba Mwajabu