Bi Zubeda Hakuchapishwa Nairobi

Jumatatu, 3 Mei 1999

Malalamiko ya asubuhi, kama kawaida. Mwanafunzi mmoja wa bara ameniandikia kwamba Rejea imemgeuza mwandishi wake kuwa Bwana Bin. Nimerekebisha bin. Kisha binti. Kisha nikakumbuka kuna al-, nayo ikanilia muda mpaka adhuhuri. Laini ya intaneti imekatika kila mtu wa duka la chini alipoinua simu.

Watu wanadhani Rejea ni kitu kidogo, ukurasa wa intaneti tu. Unajaza jina la mwandishi, jina la kitabu, mji, mwaka. Unabonyeza. Marejeleo yanatoka yamepangwa, koma na nukta mahali pake, tayari kubandikwa nyuma ya tasnifu. Niliiandika mwaka jana, mimi peke yangu, hapa Ganjoni. Duka na simu ni vya Ami Twahir, mdogo wake marehemu baba.

Leo Ami ametaka jambo jipya. Mtu akiacha nafasi tupu, Rejea isimrudishe kumwambia ajaze. Ijijazie yenyewe. Mji haupo, iandike Nairobi. Mwaka haupo, iandike mwaka huu. Watu hawapendi kuambiwa wamekosea, asema.

Nimekataa. Kubahatisha si kazi ya marejeleo.

Akatabasamu. Nalichukia tabasamu lile.

Jumatano, 5 Mei

Jana nilikuwa kwa daktari wa meno. Leo nimekuta imeshafanywa. Alimwita fundi kutoka duka jingine, akampa ufunguo wa kila kitu, na fundi akatia mkono ndani ya kazi yangu. Nairobi. 1999. Nairobi. 1999. Nimejaribu mara kadhaa, huku shavu limevimba.

Nikataka kuitoa hiyo Nairobi. Neno la siri limebadilishwa.

Nikamuuliza kwa nini. "Duka langu, Swafiya. Wewe shughulika na sura ya ukurasa." Mbele ya wateja.

Maktaba ya chuo inafikiria kuichukua Rejea iwe yao rasmi. Kumbe ndiyo haraka yote hii. Aonekane ana mashine isiyomrudisha mtu.

Siwezi kuandika zaidi. Jino linauma.

Jumatatu, 10 Mei

Nimeshinda nikibadilisha rangi za vitufe. Mtu niliyesomea kompyuta. Rangi.

Nimemwandikia Ami maelezo, nimemweleza tena kwa mdomo, nimemwonyesha. Anasema nitamshukuru baadaye.

Jumanne, 18 Mei

Limetokea.

Amekuja dada mmoja, Riziki, Mgiriama. Mchana ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo kule Mbaraki, jioni anasoma chuoni. Amesimama mlangoni na gauni lake la kazini, hakutaka kuketi. Akauliza nani mwenye Rejea. Nikasema mimi. Akaniambia, polepole, kwamba wanataka kumfukuza chuo.

Tasnifu yake ni juu ya wakunga wa zamani, kabla watu hawajazoea kuzalia hospitali. Amekwenda kwa vikongwe wa Mji wa Kale, amekwenda Ribe na Rabai, ameketi nao, ameandika kwa mkono kwa sababu wengi hawakutaka sauti zao zinaswe. Vitabu juu ya jambo hili ni vichache mno. Vitabu vyake ni wale wanawake.

Alipofika kwenye marejeleo akaja kwa Rejea, saa ya chakula, kwa kompyuta ya ofisini. Akajaza majina yao, na mahali pa jina la kitabu akaandika jambo alilosimuliwa. Mji wa kuchapishwa akaacha. Mwaka akaacha. Rejea ikamjazia. Akaambatisha, akawasilisha Ijumaa.

Mhadhiri amevitafuta vitabu hivyo. Havipo, bila shaka. Athmani, Z., Nairobi, 1999. Hakuna mwandishi huyo. Ni Bi Zubeda binti Athmani wa Kibokoni, hajui hata kusoma. Sasa jopo la nidhamu la chuo lasema Riziki amebuni vitabu. Kughushi. Watamsikiliza Jumatatu.

Nilimuuliza, hukuiona hiyo Nairobi?

"Niliiona. Nilidhani mashine inajua."

Nimekwenda nyuma ya duka nikapiga teke kasha la karatasi. Kidole kinauma. Bora kiume.

Jumatano, 19 Mei

Nimemwambia Ami kila kitu. Nilidhani atashtuka. Alichouliza ni kama huyo msichana ametaja jina la duka.

Amenikataza kwenda chuoni. Nikisema Rejea imekosea, asema, nani ataitumia? Msichana arudie mwaka, hakuna aliyekufa.

Nyumbani mama naye. Huyo ni ami yako, ndiye aliyekusomesha baba alipofariki, usimvunjie heshima mbele za watu. Yote kweli. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Kisha nimeosha vyombo kwa kelele.

Alhamisi, 20 Mei

Sikula. Mvua kutwa. Namchukia Ami, na mama naye kidogo.

Jumamosi, 22 Mei

Tumekwenda Kibokoni, mimi na Riziki. Tulitaka Bi Zubeda athibitishe tu kwamba alihojiwa, basi.

Nilimtarajia mzee mpole. Ni mkali kama pilipili. Riziki alipomweleza kwamba chuoni wanasema yeye ni kitabu, na kitabu chenyewe cha uwongo, aliweka kikombe chini kwa kishindo hata chai ikamwagika mkekani.

"Kwani nimekufa mimi, hata nikatiwa kitabuni? Nani kanitia?"

Riziki akanitazama. Nikasema mashine.

"Mashine haina mkono. Nani?"

Nikamtaja Ami yangu kwa jina lake na la baba yake. Anamjua. Anaijua nyumba nzima. Amesema Jumatatu atakuja mwenyewe, na teksi tumtafutie sisi, maana magoti yake si ya ngazi za matatu.

Hatukumwomba aje. Hatukuthubutu kumkataza.

Jumatatu, 24 Mei

Nimekwenda. Sikumuaga Ami.

Chumba kidogo, feni haifanyi kazi. Jopo watu watatu. Mwenyekiti ni daktari wa falsafa, mtu wa bara, mpole wa sauti, na upole ule ulinichoma zaidi kuliko kama angefoka. Alimwambia Riziki kwamba wote wanaelewa ugumu wa kufanya kazi na kusoma pamoja, na kwamba kukiri mapema kutamsaidia. Riziki akasema hana la kukiri. Sauti ilimtoka nyembamba lakini ilitoka.

Nikajitambulisha. Nikaeleza. Nikaona macho yao yanachoka. Mmoja akasema mwanafunzi hawezi kusingizia mashine.

Kulikuwa na kompyuta pale pembeni, na laini. Nikaomba ruhusa. Nikafungua Rejea, nikamwomba Mwenyekiti jina la mama yake.

"La nini?"

Nikasema jina tu, tafadhali. Akataja. Nikauliza, alikuwa akikuambia nini sana ulipokuwa mdogo? Akafikiri. "Kwamba nioshe mikono." Nikaandika jina la mama yake mahali pa mwandishi. Mahali pa kitabu nikaandika Osha Mikono. Pengine pote nikaacha. Nikabonyeza. Ukurasa ulichukua muda, na jasho likinitiririka mgongoni.

Ukatoka. Mama wa Mwenyekiti, jina lake limegeuzwa nyuma mbele. Osha Mikono. Nairobi, 1999.

Mwenyekiti alivua miwani, akavaa, akasoma tena. Akasema, taratibu kabisa, kwamba mama yake alifariki zamani na Nairobi hakufika maishani mwake.

Hapo Bi Zubeda, aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma na buibui lake, akacheka. Kicheko cha sauti, peke yake. Akasimama kwa kushika bega la Riziki.

"Basi tuko wawili. Mimi nami sikuchapishwa Nairobi. Nimezaliwa Kibokoni, nyumba ile ile, na huyu mtoto alikuja kwangu siku nyingi akaniuliza maneno nami nikamjibu. Mwataka niyarudie?"

Hakungoja kujibiwa. Alianza na jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Mmoja wa jopo aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Walitutoa nje. Tukangoja barazani. Tulipoitwa: tuhuma ya kughushi imeondolewa. Lakini marejeleo yote hayakubaliki yalivyo, ayatengeneze, awasilishe upya. Na kwa kuwa muda umepita, hatahitimu na wenzake. Mwakani.

Wamemwondolea kosa, wamembakishia adhabu. Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti. Riziki alinivuta mkono.

Kwenye teksi alilia. Bi Zubeda alimwambia alie sasa amalize, kesho ana kazi.

Jumanne, 25 Mei

Ami alikuwa na habari zote kabla sijafika. Amenikuta mlangoni. Mbele ya watu tena, ni mahali pake apapendapo. Nimemwaibisha, nimeharibu mambo yake na chuo, damu yake mwenyewe.

Nikamwambia mambo mawili: toa kubahatisha, au toa jina langu chini ya ukurasa.

Akasema hatoi hata kimoja. Nimwachie ufunguo.

Nimeuweka juu ya meza. Nilitaka kuutupa. Nimeuweka.

Ijumaa, 4 Juni

Rejea bado inabahatisha. Najua kwa sababu najaribu kila siku. Mahali fulani sasa hivi kuna mtu anaacha nafasi tupu na mashine inamdanganya, na jina langu liko chini. Swafiya.

Nimepata pa kufanyia kazi. Mwanakombo, binti wa khalati, dada yake mama, ana duka la kanga Biashara Street, na kompyuta ya kuagizia mali nyuma ya marobota. Jioni haitumiki. Amenipa kiti, na amenionya nisimwage chai juu ya kanga.

Nimeanza upya, kuanzia mstari wa kwanza. Safari hii ipo sehemu ya mahojiano. Nani alisema, alisemea wapi, siku gani, nani alimsikiliza. Nilimwomba Ami sehemu hii tangu mwaka jana. Akasema nani atarejea maneno ya vikongwe.

Na jina libaki lilivyo. Nani aliamua Bi Zubeda aitwe kwa jina la baba yake, na lake likatwe libaki herufi moja? Najua kanuni. Naijua kuliko wao. Kwa mahojiano nimeweka njia ya jina zima, na chuo kisipopenda kije kiniambie nyuma ya marobota.

Alhamisi, 17 Juni

Mama amerudi kutoka kwa Ami na habari. Maktaba ya chuo imekataa kuichukua Rejea mpaka kubahatisha kutolewe. Nimejaribu: kumetolewa. Nafasi ikiwa tupu, inamrudisha mtu. Kama nilivyoiandika mwanzo.

Hakuniambia. Hakuomba radhi. Amempa mama halua aniletee.

Jina langu nalo limetolewa.

Nimekaa na halua mbele yangu nikiwa nimefura. Nilipata nilichotaka, vyote viwili, na sijawahi kukasirika hivi. Mama akasema si ulitaka mwenyewe. Halua nimempa jirani.

Jumamosi, 26 Juni

Programu mpya imefunguka. Polepole, lakini imefunguka. Sijaipa jina. Mwanakombo alijaza shairi la marehemu bibi yetu, akaacha nafasi tupu makusudi kuona itafanya nini. Ikamuuliza. Akasema ina adabu.

Nimeandika barua pepe kwa mwenyekiti wa jopo kumwomba wafikirie tena juu ya Riziki. Amejibu kwa upole. Hapana.

Jumapili, 4 Julai

Riziki amekuja baada ya kanisa. Duka limefungwa, tumeingilia mlango wa nyuma. Kuna baridi kidogo leo, upepo wa kusi. Amekuja na mihogo.

Tumeingiza wanawake wake, mmoja mmoja. Yeye anasoma, mimi naandika. Jina zima, kijiji, siku. Kazi ilikwenda vizuri. Hatukuzungumza mengi.

Alipofika kwa Hawe Sidi, bibi kikongwe wa Ribe, akafunga daftari. Akasema wamemzika juma lililopita. Alipata habari akiwa kazini, hakuruhusiwa kwenda.

Nikampa pole. Nikamuuliza kama tuandike marehemu mbele ya jina, nafasi naweza kuiongeza, si kazi kubwa.

Akafuta mikono, akasogeza kiti aone skrini.

"Acha. Siku ile aliponiambia, alikuwa hai."

Nikaandika tarehe ya mazungumzo yao. Tukaendelea na anayefuata.