Kadi ya Chumba cha Babu

Kibamba,
Dar es Salaam.
2 Agosti 2025.

Mpendwa Shangazi Bupe,

Shikamoo Shangazi. Za huko Gaborone, na za zamu hapo hospitalini? Mama anasema miezi hii huko ni baridi mpaka mnalala na soksi. Na goti lako je, limetulia? Sie huku wazima, ila Mama mafua hayamwachi tangu waanze kuchimba barabara ya huku kwetu. Vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Mie nipo kidato cha tatu, na bado ni yule yule, mwalimu akiniita mbele naangalia viatu vyangu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Kwenye simu ya Mama nimekuandikia mara nne nikafuta. Haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema nikiona pameandikwa kwamba upo hewani.

Wiki iliyopita tulifungua sanduku la Babu ili nguo zake zigawiwe. Lile koti la kahawia alilokuwa anafundishia Tukuyu, Mama amesema nilikunje mie. Nililinusa kwanza. Bado lina harufu ya ile sabuni yake ya mche na karafuu. Basi nikaanza kumkumbuka Babu vile alivyokuwa zile siku tatu ulizotulipia hotelini Kigamboni, Desemba iliyopita.

Ungemwona, Shangazi! Alivaa koti hilo hilo ufukweni, jua kali, na kofia. Kila asubuhi alitandika kitanda mwenyewe ili wafanya usafi wasimseme vibaya. Ile kadi ya kufungulia mlango aliigeuzageuza akaniuliza, "Ufunguo gani huu hauna meno?" Akanikabidhi mie niitunze, kwa sababu Allen braza angeipoteza na Mama hata miwani yake tu ilikuwa inamshinda kutunza. Nikaivaa shingoni. Mie nilikuwaga sipewi kitu cha kutunza, hata chenji.

Siku ya kwanza jioni, Babu akasikia mtu anamwita kwenye bustani, "Mwalimu! Mwalimu Mwaisumo!" Ni Erasmus, alimfundisha darasa la nne huko Tukuyu, sasa hivi ni mtunza bustani pale hotelini. Anakaa Chanika, ana watoto wakubwa, lakini mbele ya Babu alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Babu akamwambia, "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika saba kinyumenyume." Erasmus akacheka mpaka akashika mti. Unajua Babu, nyumbani kwake mtu hapiti bila chai. Akamwambia akimaliza kazi aje.

Tukakaa kwenye vile viti vya baa ya ufukweni, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Babu akaagiza chai na sambusa. Kaka mhudumu akamuuliza, "Mzee, upo chumba gani?" Babu akadhani anajuliwa hali, akamweleza yote, namba ya chumba, kwamba katoka Kibamba, na kwamba mwanae nesi wa Botswana ndiye aliyewaleta. Yule kaka akaitazama kadi shingoni kwangu, akarudi na kikaratasi na kalamu.

Sasa sikia, Shangazi. Babu alidhani ni kitabu cha wageni.

Miaka yote ya ualimu, kila shule aliyoenda, kila ofisi, kila msiba, aliwekewa kitabu asaini na aandike maoni. Na macho yake ulikuwa unayajua, mtoto wa jicho alishaziba kote. Akanisogezea akasema, "Andika vizuri mjukuu wangu. Jina, tulikotoka, na maoni usiache. Watu wamejitahidi."

Mie nikasoma. Kilikuwa kwa Kiingereza, na wewe ndiye uliyesisitiza nisome kwa Kiingereza tangu chekechea. Kilisema kila tulichokula kinakwenda kwenye hesabu ya chumba, na mwenye chumba atalipa. Nilielewa, Shangazi. Nilielewa tangu kile cha kwanza. Nikaandika, "Vaileth na Babu, Kibamba. Huduma nzuri. Endeleeni hivyo hivyo."

Jioni hizo Mama alikuwa anajilaza chumbani, Allen anazurura zake ufukweni. Kesho yake Erasmus alikuja na wenzake wawili. Siku ya tatu walikuwa kumi na mmoja, wa bustani, walinzi, na dereva mmoja aliyeleta wageni tu akasikia kuna mwalimu wa zamani anasimulia. Babu alikaa katikati. Aliwauliza watoto wao wanasoma wapi, akamfokea mlinzi mmoja aliyemwachisha binti shule, yule mlinzi akaahidi mbele ya wote atamrudisha. Sijawahi kumwona Babu vile tangu Bibi aondoke. Akaninong'oneza, "Hoteli hii ina watu wakarimu. Hata hela hawaulizi."

Ningeweza kumwambia pale pale. Ningesema, "Babu, anayewalisha hawa ni Shangazi." Nilishindwa. Na sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa kwa ajili ya Babu tu. Yule kaka alikuwa ananiita "madam". Nikinyanyua ile kadi kidogo tu, anakuja. Mie, ambaye dukani kwa Mangi napitwa na watoto wa darasa la pili kwa sababu siwezi kupaza sauti. Keki ya chokoleti nzima ya siku ya tatu, Babu hakuiagiza. Niliiagiza mie, kwa mdomo wangu.

Siku ya kuondoka, dada wa mapokezi alisema kadi yako ya benki imeshakatwa yale ya ziada, na karibu yote ni ya baa ya ufukweni. Mama alipoona jumla, akamgeukia Allen. Sote tunajua Allen alivyokuwaga na pombe, lakini mwaka mzima alikuwa hajagusa. Akasema, "Mama, naapa, soda mbili tu." Mama akamwambia afunge mdomo asimwaibishe mbele za watu. Babu alikuwa pale pale, amevua kofia, anamshukuru yule dada kwa kutupokea. Mie nikaangalia viatu vyangu.

Ndipo ukaandika kwenye kundi la familia kwamba umesikitika, na kwamba kwenye harusi ya Allen tusikuhesabu. Na mwezi wa tatu ulipokuja kumzika Babu, ulitupa mkono sote, Allen ukampita. Nilikuwa nyuma yake. Alibaki ameunyoosha mkono, halafu akajifanya anajikuna shingo.

Babu alipokuwa hai nilijiambia akijua atakufa kwa aibu. Alipokufa nikajiambia wafu wasisemwe. Kumbe nilikuwa najilinda mie.

Kwenye mfuko wa ndani wa koti nimekuta nakala za vile vikaratasi, kumi na tatu, zimekunjwa pamoja na kufungwa uzi. Alizitunza zote. Wino unafifia, kwa hiyo nakutumia humu kabla haujapotea. Mwandiko ni wangu ila maneno ya siku mbili za mwisho alinitajia yeye. Kuna kimoja kinashukuru kwa Kinyakyusa chetu, "Ndaga fijo kwa chai, na maua yenu yametunzwa." Na kingine, "Mwanangu Bupe ndiye ametuleta hapa. Sikumjengea nyumba, nilimpa shule tu, na leo ananipumzisha." Nilipokisoma tena nililia mpaka Mama akabisha hodi.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia Allen, alikuwa anaosha pikipiki. Kwanza alicheka, "Yaani Babu kaandika maoni kwenye bili?" Nikamwambia ndiyo, kumi na tatu. Akazima maji. Akasema, "We Vai, miezi minane mie ni mlevi wa ukoo." Nikaomba msamaha. Akasema nimwache kwanza. Jioni akaja mlangoni kwangu: "Usimwambie Shangazi. Abaki na baba yake kama alivyo." Hapo ndipo nikajua lazima nikuandikie. Mama naye nitamwambia leo akitoka sokoni, kabla hujamwambia wewe.

Harusi ni tarehe kumi na nane Oktoba. Mambo ya shangazi wa bwana harusi hajapewa mtu mwingine. Wanakamati wamemwuliza Allen mara mbili shangazi gani atamtoa nje ya nyumba siku hiyo, na mara zote amesema wasubiri.

Msalimie Mjomba Kornelio, na mwambie mdogo wangu Daniel bado namdai hadithi ya twiga. Mama anakusalimu, hata kama hajui nimekuandikia. Mungu akulinde barabarani na wodini, na alitulize hilo goti.

Ukikasirika, nikasirikie mie, nitapokea. Ila simu ya kwanza mpigie Allen.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na nikuogopaye kidogo,

Vaileth