Mizigo yote ya Kambale

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Mais nilimuambia Chef: neno la kwanza halitatosha. Chef wetu wa agence ya kusafirisha mizigo ni mutu wa Kinshasa, majina ya huku hajue. Etiketi za mizigo ni ndogo, donc alitaka programe yangu ya ordinateur ikate jina la kiliya, mwenye muzigo, ibakishe neno la kwanza tu. Nikafanya.

Leo asubui camion ya Beni imeshusha mizigo. Mubebaji akasoma etiketi: "Kambale." Nusu ya banaume waliongojea kwa parcelle, uwanja wa agence, wakasimama. Huku jina la kwanza ni la kuzaliwa: kila kijana wa pili wa mama ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Babili walikamatana juu ya carton moja ya dawa.

Nikabadilisha mustari moja wa programe: sasa inatupa neno la kwanza, inabakisha yote ya nyuma ya nafasi ya kwanza, mpaka mwisho wa jina. Nikajaribu na langu, Masika Furaha. Ikatoka Furaha. Kila muzigo ukapata mwenyewe.

Mwenye jina moja tu, etiketi yake itatoka bila kitu. Hiyo inanisumbua, lakini kesho nitaitengeneza.

Chef akauliza: "Na Masika, ni nini?"

"Binti wa kwanza, Chef."

Akasema: "Donc hata jina lako sikujua."

Saa ya kutoka akaita kwa heshima: "Furaha." Sikugeuka. Hakuna mutu ananiita vile; hata kwetu nyumbani ni Masika tu.