Tangi la Mijusi la Wafula

Ndugu yangu Wafula,

"Mwanamume akiacha kuoa akafuga mijusi, kifo chake amekitafuta mwenyewe." Ndivyo alivyosema Baba Mdogo kwenye matanga yako, nje ya nyumba yako pale Shauri Moyo, chini ya turubai, kikombe cha chai mkononi, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Naanzia hapo kwa sababu siku ile sikumjibu. Mimi, uliyezoea kuniita Mama Mabishano, niliyegombana gazetini na maaskofu na madiwani, nilitazama utando ukijikunja juu ya chai yangu.

Basi namjibu leo, hadharani, hapa hapa gazetini. Wewe uliuawa na presha. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Baba yetu aliuawa na presha hiyo hiyo, na hakuwahi kufuga hata paka. Babu vilevile, na babu alikuwa na wake watatu. Kama kuoa kungekuwa dawa ya presha, ukoo wetu ungekuwa na wazee wa kujaza kanisa.

Nilidhani nikishaandika hayo nitahisi kitu. Sijahisi. Sijalia pia, na sisemi hivyo kujisifu. Kifua changu kimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: naugusa, najua ni wangu, basi.

Nakumbuka Jumapili nilipokuja kwako mara ya kwanza baada ya wewe kuanza kufuga. Ulikuwa ukikata vioo vya madirisha kule karibu na Gikomba, na vipande ambavyo wenzako walivitupa ulivigundisha ukapata matangi. Ndani uliweka magome ya mti, na juu ya magome walikaa mijusi wa kawaida kabisa, wale wa ukutani, ambao mama alikuwa akiwafukuza kwa ufagio na kufunika maziwa.

"Wafula, watu wanafuga kuku," nilikuambia.

"Kuku nitamla, dada. Huyu nitamtazama."

"Na mke je?"

"Mbona wewe umeolewa na gazeti na hatusemi?"

Nilikurushia leso. Ukaninyamazisha kwa kidole, kwa sababu yule jike mkubwa, uliyemwita Madam kwa vile alivyokuwa akikukazia macho kama mwalimu, alikuwa ananyemelea nyenje. Alimmeza, kisha akatoa ulimi akalamba jicho lake mwenyewe. "Ona," ukasema kwa sauti ya chini, "anapangusa miwani." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tangu hapo ulinifundisha bila mimi kuomba. Nyenje uliwazalisha ndani ya ndoo, katikati ya trei kuukuu za mayai, ukiwalisha karoti na mabua ya sukuma wiki. Kabla ya kuwatia kwenye tangi uliwatikisa ndani ya unga wa maganda ya mayai, kama mtu anayepaka samaki unga, kwa sababu jike akikosa chokaa miguu yake hupinda. Maji hukuwawekea mijusi kwenye bakuli. Uliwapulizia kioo kwa ile chupa ya kinyozi, nao wakalamba matone. Na mayai, ambayo jike huyabandika mawili mawili, meupe, madogo kama punje za kunde, hukuyabandua kamwe. Uliyafunika pale pale kwa kizibo cha chupa ulichokitoboa, wakubwa wasije wakala watoto. "Yai la mjusi haligeuzwi, dada. Ukiligeuza, mtoto anakufa ndani na ganda linabaki zuri vile vile."

Wafula, waliyageuza.

Unajua desturi yetu. Mtu akifa, vitu vyote hutolewa nje ili waombolezaji wapate pa kukaa. Kina mama wa kanisa walibeba kitanda, wakabeba kabati, wakafika kwenye matangi. Shangazi alipiga yowe. Mmoja akafungua vifuniko, eti ubaya utoke nyumbani kabla ya maiti kuingia. Mijusi wakatoka. Nilifika nikakuta watu wanaimba wimbo wa maombolezo huku wanapiga sakafu kwa ndara. Mikia iliyokatika ilikuwa bado inacheza kwenye simenti baada ya wenyewe kunyamazishwa. Matangi yaliegemezwa ukutani juu chini, mayai yakiwa yamebandikwa mle ndani.

Lililosalia ni moja, lililokuwa nyuma ya pazia. Ndani yake alikuwa Madam, na chini ya kizibo mayai yake mawili. Nililifunga kwa shuka yako nikalipeleka kwa rafiki kabla hatujakusafirisha kwenda kukuzika Bungoma.

Sasa liko kwangu Mowlem, juu ya meza ninayoandikia. Asubuhi napuliza maji. Jioni natia nyenje. Mkono unafanya, mimi sipo. Madam hunikazia macho nami humkazia, na hakuna kati yetu anayeshinda. Sijui kama mayai ni mazima. Ulisema yataanguliwa baada ya miezi miwili hivi, na wewe peke yako ndiye uliyejua yalitagwa lini.

Jumamosi wazee wanakutana nyumbani kwako kugawa vitu vyako. Baba Mdogo amenipigia simu. "Nekesa, hilo sanduku la mashetani ulilete. Litachomwa pamoja na godoro."

"Baba, ni kioo. Kioo hakiungui."

"Tutakivunja kwanza."

Lala, ndugu yangu. Mengine niachie, nigeuke niseme na walio hai.

Baba Mdogo, Shangazi, na ninyi wazee mtakaoketi Jumamosi: tangi litakuja, nitalibeba mwenyewe, na hakuna mkono wa mtu utakaolivunja. Lakini sitaki mniachie kama mnavyoacha takataka kwa anayezipenda. Wafula hakuacha mtoto. Aliacha koti, baiskeli, almasi yake ya kukatia vioo, na kiumbe huyu aliyemtunza kila siku kwa akili yake yote. Mtakaponyanyua koti mtalitaja jina lake. Mtakaponyanyua baiskeli mtalitaja jina. Basi mzee mmoja na asimame, alinyanyue na tangi kwa mikono miwili, polepole, bila kuliinamisha, aseme mbele ya watu wote: "Hiki kilikuwa cha Wafula." Kisha anikabidhi.

Dada yake Wafula