Sauti Yako Ilikuwa kwa Shabani

Yona rafiki yangu,

Tulia huko uliko, albamu yako imepatikana. Nimeanza na hilo maana nakujua, ungenikatisha kila sentensi mpaka nilifikie. Nyimbo zote zipo, na gitaa lako la umeme linanguruma vilevile.

Hukujua kama ilipotea. Siku ya mazishi mjomba wako alitaka kurekodi ibada, ili ndugu wa Chemba waliokosa usafiri waje waisikie. Kanda tupu haikuwepo. Akachukua iliyokuwa ndani ya redio, akaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kanda isifutwe, akarekodi. Ilikuwa kanda yako, Yona, ya mwisho tuliyobaki nayo, maana kule studio walishafuta yao wakarekodia kwaya nyingine. Baada ya matanga nikaiweka nikusikie kidogo, nikamsikia mchungaji anasoma wasifu wako. Nililia kuliko nilivyolia kaburini. Mjomba hakujua auweke wapi uso wake.

Kilichonimaliza ni mama yako. Unakumbuka alivyokuwa akitoka nje ukichomeka tu gitaa, akisema roki ni ya baa na Yesu hakai baa. Juzijuzi akanishika mkono, akaniomba nimletee zile nyimbo, hasa ule wa mwisho uliomtungia yeye. Hakuwahi kuusikia hata mara moja. Nikamwambia nitautafuta, huku sijui nianzie wapi.

Nilikwenda Hombolo, nikaenda Bahi, kwa kila mtu niliyekumbuka alinunua. Mmoja kanda yake imeliwa na redio, mwingine mtoto kaichomoa utepe wote akachezea. Nikaishia kwa Shabani, yule anayerekodia watu kanda pale stendi, uliyekuwa ukimwita mwizi mchana kweupe na salamu yake huitikii. Siku hizi mambo yamemnyookea, ana redio mpya za Kijapani, si unajua tena maduka yalivyofunguka. Sikumaliza hata kujieleza. Akainama chini ya meza, akatoa nakala.

“Huyu Mlokole wenu ndiye ananifungulia kibanda asubuhi,” akasema. “Nikimpiga, watu wanasimama.”

Nilikaa chini palepale vumbini nikacheka mpaka machozi. Yaani ugomvi wote ule, kumbe wizi wake ndio ulikuwa unakutunzia nyimbo! Kwenye wimbo wa tatu bado inasikika fimbo yangu ya dramu ikianguka, ukakataa turudie, ukisema Mungu kashasikia.

Jioni ileile nikampelekea mama. Alikaa, khanga kajifunika mdomoni, mimi nangoja ainuke. Ulipofika wimbo wake na gitaa likaanza fujo zake, akanyoosha mkono kwenye redio. Nikajua anataka nizime.

“Ongeza sauti,” akasema. “Simsikii vizuri mwanangu.”

Nikaongeza mpaka mwisho. Alilia, nami nikalia, lakini kilikuwa kilio cha kutua mzigo. Usiku huo nililala kama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Haya, pumzika sasa, ndugu yangu. Shabani anatoa nakala nyingine za ndugu wa Chemba, na safari hii nimemsalimia kwa niaba yako. Mama yako ameshamaliza betri mara mbili, anarudisha wimbo uleule mmoja. Nakuahidi, maadamu mimi nipo, betri hatakosa.

Wako wa dramu,
Elia