Kamati Iliyokaa Wakati Tuko Shamba

Marahaba, Adela mjukuu wangu. Tuko wazima, ila situlii. Mvua haikatiki, babu yako yuko ng'ambo ya mto analinda mpunga, na simu yake haipatikani tangu jana.

Unauliza uwaweke kina nani kwenye kamati ya kupitia upya utaratibu wa watu wenu wa kujitolea.

Nilipokuwa msichana Namawala, tulijitolea kupeleka dawa za malaria majumbani. Kamati ya kutupangia utaratibu ilikaa wakati mpunga unakomaa, sisi wote tumehamia mashambani kufukuza ndege. Wakakaa waliobaki kijijini: mwalimu, karani na mwenye duka. Watu wema kabisa. Wakaamua kila anayejitolea aripoti ofisini kila asubuhi. Kutoka shamba hadi ofisini ni kutembea mpaka jua liwe utosini. Hatukugombana na mtu, tuliacha tu kwenda. Wao wakasema vijana wa siku hizi wavivu.

Juzi ulinilalamikia kwamba yule Joni wenu ameacha kuja bila kuaga. Tangu hapo namfikiria. Kwenye majina uliyonitumia, lake sikuliona.

Bibi yako, Ifakara